Degedege la Mtoto Mchanga na Maisha Yake ya Baadaye

Watu wa Mgori na wa nchi yote ya Singida walijua vema neno degedege. Hakuna kijiji kisicho na mama aliyekesha usiku akimtazama mtoto wake akikakamaa, macho yamegeuka, asijue kama kutapambazuka naye. Habari za degedege la homa, lile linalowapata watoto wa mwaka mmoja au miwili wakiwa na malaria, zimekwisha semwa mara nyingi, na leo hatutazirudia. Twapenda kueleza degedege la namna nyingine, lisilosemwa sana, yaani lile linalompata mtoto mchanga kabla hajatimiza siku 28 tangu kuzaliwa, na zaidi katika juma la kwanza. Na katika habari hiyo swali letu ni moja: mtoto huyo akipona akarudi nyumbani, huwa je baada ya mwaka mmoja, na miaka mitatu, na miaka saba?

Kwanza yafaa kulitambua degedege lenyewe, maana halifanani na la mtoto mkubwa. Ubongo wa mtoto mchanga haujakomaa, na kwa sababu hii mara nyingi mwili wake wote hautikisiki. Huenda macho yakakaza upande mmoja yasirudi. Huenda akatafunatafuna au akanyonya hali hana kitu kinywani. Huenda miguu ikaenda kama ya mtu apandaye baiskeli. Huenda mkono mmoja ukarukaruka kwa mapigo yaliyo sawasawa. Au pumzi ikasimama kitambo na midomo ikageuka rangi. Dalili hizi ni ndogo, na mama wa mtoto wa kwanza aweza kuzidhani kuwa ni mchezo tu. Iko njia nyepesi ya kupambanua. Watoto wachanga wengi hutetemeka wakishtuka au wakisikia baridi. Ukiushika kwa upole mkono unaotetemeka ukaukunja, kutetemeka hukoma. Degedege halikomi kwa kushikwa. Lakini mwenye shaka asikae nyumbani akipima na kupima tena, kwa kuwa hata kutetemeka tu, kukizidi, kwaweza kuonyesha ya kuwa sukari katika damu imepungua.

Wakati degedege linapomshika, mtoto alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu kinywani, si kijiko, si dawa, si maziwa, hata fahamu zimrudie. Asifukizwe moshi, wala asimwagiwe maji. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi sana, na aliyepoa hufa upesi. Wako wasomaji waliopata kusikia ya kuwa huko Ulaya mtoto aliyekosa hewa akizaliwa hupozwa mwili kwa makusudi ili ubongo upone. Ni kweli, lakini hufanywa kwa mashine na kwa uangalizi wa saa zote. Jambo hilo lilipojaribiwa kwa watoto 408 katika hospitali za Bara Hindi, Sri Lanka na Bangladesh, habari zilizotolewa mwaka 2021 zilionyesha ya kuwa waliopozwa walikufa wengi kuliko wasiopozwa. Basi kwetu sisi neno ni moja, mtoto awekwe kifuani pa mama, afunikwe, apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile.

Pwani, katika nchi ya Bagamoyo, wachunguzi waliwakuta watu wengi walioamini ya kuwa mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Fikira hii imeenea mbali na pwani pia. Twaelewa jinsi ilivyozaliwa: mtoto hupelekwa kwanza kwa waganga wawili watatu, hufika hospitali siku ya tatu akiwa mahututi, hupigwa sindano, hufa, na watu huilaumu sindano kwa kuwa ndiyo ya mwisho kuonekana.

Sasa tuseme sababu. Degedege si ugonjwa peke yake. Dalili ya mvua ni mawingu, na degedege ni dalili ya kuwa ubongo umepatwa na jambo. Jambo hilo mara nyingi ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, pale uchungu unapochukua muda mrefu mno au kitovu kinapobanwa. Mara nyingine ni vidudu vilivyoingia katika damu ya mtoto au katika utando wa ubongo. Yaweza kuwa sukari iliyopungua kwa sababu hakunyonya, au damu iliyovuja kichwani, au umanjano uliozidi hata ukaingia ubongoni. Zamani pepopunda ya kitovu iliwaua wengi kwa kukakamaa kunakofanana na degedege. Sindano za wanawake wajawazito zimeipunguza sana. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, madaktari walizichungua habari za watoto wachanga waliolazwa tangu mwaka 2003 hata 2007. Katika watoto 1,572, watoto 142 waliletwa na degedege, yaani 9 katika kila 100. Wengi wa hao 142 walikuwa na maradhi ya vidudu vilivyoenea mwilini. Wengine ubongo wao uliumia wakati wa kuzaliwa, au walikuwa na homa ya uti wa mgongo.

Twakazia habari ya sababu kwa kuwa hiyo, kuliko degedege lenyewe, ndiyo inayoamua maisha ya mtoto ya baadaye. Mtoto ambaye damu yake ilipungukiwa na madini ya kalsiamu, akatibiwa, kwa kawaida hukua kama wenzake. Mtoto aliyekosa hewa kitambo kirefu hata akalala siku tatu bila kunyonya wala kulia, huyo yu katika hatari kubwa. Aliyeugua utando wa ubongo aweza kupona mwili wote akabaki na masikio yasiyosikia. Aliyezidiwa na umanjano aweza kubaki kiziwi, tena viungo vyake vikajipindapinda bila yeye kutaka. Mama wawili waliolala vitanda vya jirani katika wodi moja, watoto wao wote wawili walishikwa na degedege. Mmoja ataitwa darasani kusoma kwa sauti, na wa pili hataweza kukaa bila kuegemezwa. Haifai kumwambia mama habari za mtoto wake kwa kumtazama mtoto wa mwenziwe.

Je, ni wangapi wanaopona kabisa? Hapa twawaomba wasomaji wetu watuvumilie, kwa kuwa hesabu huchosha, lakini bila hesabu tutabaki na uvumi. Tangu mwaka 1959 hata 1966 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake wajawazito zaidi ya 50,000, kisha wakawafuata watoto wao hata wakatimiza miaka saba. Watoto 277 walikuwa wamepatwa na degedege siku za uchanga. Yapata thuluthi moja walikufa, wengi wao wangali wachanga. Lakini katika wale walioishi hata miaka saba, kadiri ya saba katika kila kumi hawakuwa na mtindio wa ubongo, wala kifafa, wala upungufu mkubwa wa akili. Habari hii ilipotolewa mwaka 1982 iliwafurahisha watu wengi.

Baadaye wachunguzi wengine, katika jimbo la Newfoundland huko Kanada, waliwafuata watoto waliozaliwa baina ya mwaka 1990 na 1995, na mwaka 2007 wakatoa majibu yasiyofurahisha hivyo. Waliokuwa hawana kasoro yo yote walikuwa kama thuluthi moja tu. Zaidi kidogo ya robo walipata kifafa, robo walikuwa na mtindio wa ubongo, na zaidi kidogo ya robo walikuwa na shida ya kujifunza. (Mtoto mmoja aweza kuhesabiwa katika mafungu mawili au matatu.) Msomaji atauliza, mbona hesabu hizi mbili hazipatani? Ziko sababu mbili. Siku hizi watoto wengi waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia huokolewa, na hao ndio wanaobaki na madhara mengi zaidi. Tena wachunguzi wa Kanada walitafuta jambo ambalo wale wa kwanza hawakulihesabu, yaani mtoto atembeaye vizuri, asemaye vizuri, asiye na kifafa, lakini akiketi mbele ya ubao herufi hazimwingii. Mtoto huyo daktari hamwoni. Anayemwona ni mwalimu.

Katika nchi zetu wenyewe habari hazitofautiani sana. Huko Kampala, watoto ambao ubongo wao uliumia wakati wa kuzaliwa katika hospitali ya Mulago walitazamwa tena walipopita miaka miwili. Na katika waliosalia, karibu watatu katika kila kumi walikuwa na ulemavu wa viungo au wa akili. Wilayani Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, watoto 38,523 wa umri wa miaka 6 hata 14 walihesabiwa nyumba kwa nyumba, na 112 wakaonekana kuwa na kifafa. Walipolinganishwa na watoto wazima wa umri huo, ilionekana ya kuwa shida za wakati wa kuzaliwa zilikuwa mojawapo ya mambo yaliyofuatana na kifafa hicho. Habari hizo zilitolewa mwaka 2012.

Njia iliyo bora ya kupunguza ulemavu huu ni kuzuia madhara yasimpate mtoto wakati wa kuzaliwa. Tangu mwaka 2009 wakunga wa Tanzania walianza kufundishwa namna ya kumsaidia mtoto asiyelia: kumkausha, kumsugua mgongo, na asipovuta pumzi kumpa hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso kabla dakika moja haijapita. Katika hospitali nane zilizochunguzwa, vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa 47 katika kila 100. Lakini mkunga hawezi kumsaidia mtoto aliyezaliwa njiani. Mgori iko mashariki ya mji wa Singida, kandokando ya msitu ule mkubwa wa Mgori, Ngimu, Pohama, Unyampanda na Nduamughanga, ambao wanavijiji wenyewe waliuhifadhi. Na mama atokaye huko wakati wa mvua hupaswa kuondoka kabla uchungu haujaanza.

Turudi kwa mtoto aliyekwisha okolewa. Hospitalini alipewa dawa ya kukomesha degedege, mara nyingi fenobabitoni, akapimwa sukari, akatibiwa vidudu. Juma moja au mawili yakapita, degedege likakoma, akaanza kunyonya. Mama akaambiwa aende nyumbani. Siku hizi, ikiwa degedege limekoma, madaktari wengi huikomesha dawa kabla mtoto hajatoka. Na mama aliyepewa dawa ya kwenda nayo asiikatishe kwa hiari yake, kwa kuwa kuikatisha ghafula huweza kulirudisha degedege kwa nguvu.

Hapo ndipo habari ya mtoto inapopotea. Mama amefika nyumbani, kuna mtama wa kupalilia, kuna kuni na maji, kuna wakwe wanaouliza alikuwa wapi siku zote hizo. Mtoto ananyonya, analala, ananenepa. Kila mtu asema, Amepona. Tena kuna jambo la haya. Katika nyumba nyingi mtoto akipatwa na degedege mama ndiye anayelaumiwa: alivunja mwiko, au alitoka nje ya ndoa, au ukoo wake una mkosi. Mama aliyekwisha kusikia maneno hayo mara moja hatapenda kwenda zahanati tena na tena kuulizwa habari zile zile mbele ya majirani. Twasema wazi ya kuwa kukosa hewa, vidudu, sukari na umanjano si makosa ya mama, wala si mkosi wa ukoo wo wote. Mume anayetaka kujua sababu aende pamoja na mkewe akamwulize daktari.

Ubongo ulioumia hauonyeshi madhara yake siku moja. Mtoto wa mwezi mmoja hana kazi nyingi ila kunyonya na kulala, kwa hiyo aliyeumia na asiyeumia hufanana. Madhara huonekana pale wakati wa kufanya jambo jipya unapofika na jambo hilo halifanyiki. Kwa kawaida mtoto hutabasamu akitazamwa usoni kabla ya kutimiza miezi miwili. Katika mwezi wa nne kichwa chake kimekwisha simama. Katika mwezi wa tisa huketi bila kuegemea. Akitimiza mwaka mmoja na nusu hutembea. Mama na ayatazame haya, wala asihofu kwa kuchelewa majuma machache, kwa sababu watoto hawalingani. Yako mambo mengine ambayo bibi na shangazi huyaona kabla ya daktari, nasi twawaomba wayaseme: mtoto ambaye ngumi zake hazifunguki baada ya mwezi wa nne, mtoto ambaye miguu yake hukazana kama mkasi akivalishwa nguo, mtoto atumiaye mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka, ambaye watu husema kwa furaha ya kuwa atakuwa wa shoto, kumbe mkono wa pili una udhaifu, mtoto asiyegeuka mlango ukipigwa kwa kishindo.

Wengine watasema, Na tukiyaona, itafaa nini? Ubongo uliokufa haufufuki. Ni kweli haufufuki, lakini ubongo wa mtoto ungali unajengwa, na sehemu zilizo nzima huweza kujifunza baadhi ya kazi za zile zilizoharibika, endapo zitafundishwa mapema. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayelazwa chali kutwa nzima, viungo vyake hukauka hata visinyooshwe tena. Yule anayeketishwa katika kiti kidogo cha mbao kilichotengenezwa na seremala wa kijiji, akageuzwa, akanyooshwa viungo kila siku kama mama yake alivyoonyeshwa hospitalini, huweza kuishika bakuli yake mwenyewe. Alishwe akiwa ameketi, kidogo kidogo, maana anayelishwa amelala chakula humwingia mapafuni, na watoto wengi wa namna hii hufa kwa kichomi, si kwa ubongo. Huko Uganda wazazi wa watoto kama hawa wamekusanywa katika vikundi vidogo wakafundishwa mambo haya na kufundishana wao kwa wao. Na kikundi cha mama sita chini ya mwembe si jambo linalohitaji fedha nyingi.

Sasa twasema na walimu. Mtoto wa miaka saba analetwa shuleni. Anatembea, anacheza, lakini mwaka mzima umepita na hajajua kuandika jina lake. Au hutazama dirishani ghafula, haitiki, kisha hurudi kama mtu aliyetoka usingizini. Kabla mwalimu hajashika fimbo, na amwite mama amwulize maneno matatu: alizaliwaje, alilia mara moja, alishikwa na degedege siku za uchanga? Huenda yale majibu yakageuza shauri lote. Kule kutazama dirishani kwaweza kuwa kifafa, kwa kuwa kifafa si kuanguka tu. Asiyesikia vizuri aketishwe mbele. Mzito wa kusoma afundishwe polepole, au aombewe nafasi katika shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto huyo haki ya elimu kama mwingine, na viongozi wa kijiji wanaweza kumkumbusha mzazi anayemficha ndani.

Na kifafa chenyewe kikija, ambacho chaweza kuja miezi au hata miaka mingi baada ya degedege la uchanga, kisimfanye mtoto kuwa mtu wa kutengwa. Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wenye kifafa huko Mahenge, kusini mwa nchi hii. Aliwakuta wakila peke yao na kulala peke yao, miili ina makovu ya moto, kwa kuwa mtu akiangukia motoni wenzake waliogopa kumgusa wakidhani mate yake yataambukiza. Alipowapa fenobabitoni kila siku, wengi wao walipata nafuu kubwa, wakarudi kulima na kukaa na watu. Kifafa cha Mahenge kina sababu zake nyingine, ambazo si habari ya leo. Lakini woga ule ni ule ule unaoonekana kila mahali. Haydom, kaskazini ya Singida, madaktari walipohesabu watu nyumba kwa nyumba waliona ya kuwa wenye kifafa walizidi 8 katika kila 1,000, na hesabu kama hiyo haitakosa kufanana na ya vijiji vyetu. Mate hayaambukizi kifafa. Anayeanguka avutwe mbali na moto na maji, alazwe kwa ubavu, asishikwe kwa nguvu. Dawa inywewe kila siku bila kukosa. Na ikikaribia kwisha, mtu atumwe kuifuata kabla haijaisha.

Mwisho twaomba jambo moja jepesi. Mama atokapo hospitali na mtoto aliyepatwa na degedege, na aombe aandikiwe katika kadi ya kliniki. Na asiyeandikiwa, mwalimu wa kijiji amwandikie kwa kalamu yake: siku ya kuzaliwa. Kama uchungu ulikuwa mrefu. Kama mtoto alilia mara moja au alipewa hewa. Siku ambayo degedege lilianza na jinsi lilivyoonekana. Sababu iliyotajwa na daktari. Dawa alizopewa, na siku zilipokomeshwa. Karatasi hiyo itiwe katika mfuko usiopenya maji na kutunzwa pamoja na kadi, kwa maana daktari atakayemtazama mtoto huyo akiwa na miaka sita hatakuwa yule aliyemtazama siku ya tatu.